Kasi na nishati mwendo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mwanza

Maswali haya yametoka sehemu tatu: tuisheni ya fizikia, vijiwe vya bodaboda, na mwaloni Kirumba. Hesabu zimewekwa kwa namba nyepesi ili yeyote azirudie kwa kalamu na karatasi. Pale swali linapogusa jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Ya msingi

1. Nishati mwendo ni nini hasa?

Ni nishati ambayo kitu kinayo kwa sababu kinatembea. Hiace iliyoegeshwa stendi ya Nyegezi haina nishati mwendo. Ikishaondoka kuelekea Usagara, inayo. Nishati hiyo ilikuwa kwenye mafuta, ikapita kwenye injini, ikaingia kwenye mwendo wa gari. Gari likisimama nayo haipotei, inahamia kwingine, na mara nyingi inaishia kwenye breki kama joto. Mwenye shaka anuse breki za lori lililotoka kuteremka mlima mrefu.

Fomula yake ni hii:

nishati mwendo = ½ × m × v²

Hapo m ni tungamo kwa kilo, v ni kasi kwa mita kwa sekunde, na jibu linatoka kwa jouli. Jouli moja ni kitu kidogo: ukimnyanyua sato wa kilo moja kwa sentimita 10, umetumia karibu jouli 1.

2. Nikiongeza spidi mara mbili, nishati inaongezeka mara ngapi?

Mara nne. Ukiongeza mara tatu, inakuwa mara tisa.

Chukua bodaboda: pikipiki, dereva na abiria kwa pamoja tuseme kilo 250. Kwa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, nishati yake ni ½ × 250 × 100 = jouli 12,500. Kwa kilomita 72 kwa saa inakuwa ½ × 250 × 400 = jouli 50,000. Pikipiki ni ileile, abiria ni yuleyule.

Lakini barabarani watu hawaongezi mwendo mara mbili kwa mpigo. Wanaongeza kidogo kidogo, na hapo ndipo hesabu inapowaponyoka. Kutoka 50 kwenda 60, kasi imepanda kwa asilimia 20, nishati kwa asilimia 44. Kutoka 80 kwenda 100, kasi imepanda kwa asilimia 25, nishati kwa asilimia 56. Tena kilomita kumi za juu ni ghali kuliko kumi za chini. Kuitoa gari 90 hadi 100 kunaiongezea nishati mara 19 ya ile iliyotumika kuitoa 0 hadi 10. Ukitaka kuhakikisha, 100² toa 90² ni 1,900, na 10² ni 100.

3. Na uzito je? Gari likijaza si ni hatari vilevile?

Uzito unaongeza nishati kwa uwiano wa moja kwa moja tu: uzito wa jumla mara mbili, nishati mara mbili. Kwa hiyo gari ambalo uzito wake wote, pamoja na mzigo, umefika mara mbili, likiwa kilomita 50 kwa saa bado lina nishati nusu ya lenye uzito wa kawaida kwa 100. Hilo si ruhusa ya kujaza. Gari lililozidiwa linalemea breki na matairi kwa namna ambazo fomula hii haizisemi.

4. Kwa nini jibu langu ni kubwa kupita kiasi?

Karibu kila mara ni kwa sababu umeingiza kilomita kwa saa bila kuzigeuza. Gawanya kwa 3.6 kwanza: 72 ÷ 3.6 = 20. Kwa kuwa kasi inazidishwa kwa yenyewe, kosa la mara 3.6 linageuka kosa la karibu mara 13. Jibu lako likizidi la mwenzako kwa mara 13, usitafute kosa pengine.

## Kwa nini mraba?

5. Kwa nini isiwe kasi tu? Huo mraba umetoka wapi?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na wanafunzi wengi wanapewa fomula bila jibu lake.

Fikiria gari linalosukumwa na kani (nguvu ya kusukuma au kuvuta) ileile muda wote, kasi yake ikiongezeka mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka kusimama hadi mita 10 kwa sekunde linachukua sekunde 5. Kutoka 10 hadi 20 linachukua sekunde 5 nyingine. Ukipima kwa muda, nusu hizo mbili ni sawa.

Sasa pima kwa mita. Katika sekunde 5 za kwanza kasi ya wastani ni 5, hivyo gari limepita mita 25. Katika sekunde 5 za pili kasi ya wastani ni 15, hivyo limepita mita 75. Kazi ni kani mara umbali, na kani haijabadilika, kwa hiyo nusu ya pili imekula kazi mara tatu ya nusu ya kwanza. Jumlisha: 25 na 75 ni 100, mara nne ya 25.

Kumbe kasi inahesabiwa mara mbili. Ukitaka kasi kubwa unasukuma kwa muda mrefu zaidi, na katika kila sekunde ya muda huo unapita mita nyingi zaidi kwa sababu tayari unakimbia.

6. Na ile nusu?

Inatoka kwenye wastani. Kitu kikianzia kusimama na kuongeza mwendo sawasawa hadi v, kasi yake ya wastani njiani ni nusu ya v.

7. Nani aligundua kuwa ni mraba?

Mabishano yalikuwa marefu. Mwaka 1686 Gottfried Leibniz, Mjerumani, alitetea kuwa kipimo sahihi cha nguvu iliyo ndani ya mwendo ni tungamo mara mraba wa kasi. Wafuasi wa Descartes, mwanafalsafa Mfaransa, walishikilia tungamo mara kasi. Katika miaka ya 1720, Willem 's Gravesande wa Leiden, Uholanzi, aliangusha mipira ya shaba kwenye udongo laini, akaona mpira wenye kasi mara mbili unachimba mara nne. Émilie du Châtelet, Mfaransa, alilichukua jaribio hilo na kulitetea katika kitabu chake cha fizikia cha mwaka 1740. Nusu iliwekwa rasmi baadaye, mwaka 1829, na Gaspard-Gustave Coriolis.

Jaribio hili linafanyika nyumbani. Tafuta udongo wa mfinyanzi, uloweshe mpaka uwe kama ule wa kufinyangia chungu, ulaze kwenye beseni na kuusawazisha kwa rula. Angusha gololi kutoka sentimita 50, kisha ileile kutoka sentimita 200 pembeni kidogo. Kimo mara nne kinaipa gololi kasi mara mbili. Itoe taratibu, kisha jaza kila shimo maji kwa bomba la sindano na usome yameingia kiasi gani. Shimo la pili litameza karibu mara nne. Udongo ukiwa na kokoto, namba zitayumba.

## Barabarani

8. Kwa nini breki zinachelewa kushika nikiwa kasi?

Hazichelewi. Zina kazi kubwa zaidi. Breki na tairi zinatoa kani yenye kikomo, kwa hiyo nishati mara nne inahitaji umbali mara nne ili iishe.

Kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari la kilomita 50 kwa saa linasimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki zishike. La 100 linahitaji kama 56. Ongeza muda wa dereva kushtuka na kukanyaga. Tukimpa sekunde moja, mtu wa 50 ameshapita mita 14 kabla hata ya breki, wa 100 mita 28. Jumla ni mita 28 dhidi ya 84. Sehemu ya kushtuka inakua kwa uwiano wa kawaida, sehemu ya breki kwa mraba.

Mvua ikinyesha, hasa ile ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi na oili vinageuka utelezi juu ya lami. Mita 14 za breki zinaweza kufika 25, na hapo hujagusa spidi.

9. Tofauti ya 50 na 70 ni ndogo. Nikiona mtu kwenye zebra si nitashika breki tu?

Weka magari mawili sambamba, moja 50, moja 70, aina moja na breki sawa. Madereva wote wanakanyaga kwenye mstari uleule. La 50 linasimama kwa bahati, pua ikiwa inaigusa zebra. La 70 linaifikia zebra hiyo likiwa na kasi gani?

Wengi hujibu 20. Jibu ni 49. Breki zilizomaliza nishati ya gari la 50 zimetoa kiasi kilekile kwenye gari la 70, na kilichobaki ni 70² − 50² = 2,400, ambacho kipeuo chake cha pili ni 49. Yaani pale mwenzako aliposimama, wewe unapita karibu na kasi aliyokuwa nayo yeye kabla ya kukanyaga breki. Aliyekuwa 60 anapita na 33. Hapo hatujahesabu mita alizopoteza wakati wa kushtuka (swali la 8).

Kama kuna hesabu moja ningependa ibandikwe kila kijiwe, ni hii.

10. Kugonga ukuta kwa spidi fulani ni sawa na kuanguka kutoka wapi?

Swali zuri, kwa sababu kimo tunakiogopa kwa asili, spidi hatuiogopi. Ukiacha hewa pembeni, kasi ya kilomita 36 kwa saa unaipata ukianguka mita 5. Ya 50, ambayo ndiyo kikomo cha kisheria maeneo ya makazi, ni karibu mita 10, zaidi ya ghorofa tatu. Ya 60 ni mita 14. Ya 80, kikomo cha mabasi ya abiria barabara kuu, ni mita 25. Ya 100 ni mita 39. Uzito hauingii humu kabisa, mnene na mwembamba kimo chao ni kimoja.

11. Magari mawili yakigongana uso kwa uso, kila moja 50, si ni sawa na kugonga ukuta kwa 100?

Hapana, na swali hili huzua ubishi kuliko mengine yote. Hiace mbili zenye uzito sawa, kila moja 50, zikikutana uso kwa uso zinaishia palepale katikati. Kila moja imetoka 50 hadi 0, ni kama imegonga ukuta wa zege kwa 50. Ya kugonga ukuta kwa 100 ina nishati mara nne ya moja kati ya hizo, na yote inaishia kwenye gari moja.

Je, ikigonga kwa 100 Hiace nyingine iliyoegeshwa, isiyofungwa breki? Iite nishati ya Hiace moja kwa 50 fungu moja. Anayekuja na 100 ana mafungu manne. Zikishikamana, mbili zinaendelea pamoja kwa 50, zikiwa na mafungu mawili. Yaliyobomoa mabati ni mawili yaliyobaki, sawasawa na ajali ya kwanza.

Yote haya ni kwa magari yanayolingana. Hiace na Fuso zikikutana, Hiace ndiyo inayobadilishiwa mwendo zaidi, na waliomo ndani yake ndio wanaoumia zaidi.

12. Nishati ya bodaboda kwa 72 haifikii hata ya tonge la ugali. Inauaje?

Ni kweli, jouli 50,000 ni kama kilokalori 12 tu. Tonge la ugali linatoa zaidi ya hapo, ila linatoa polepole, kwa saa kadhaa. Nishati ya ajali inatoka ndani ya sehemu ndogo ya sekunde na ndani ya sentimita chache. Kinachovunja mfupa ni kani, na kani ya wastani ni nishati gawanya kwa umbali wa kusimamia.

13. Basi helmeti inasaidia nini, kama nishati ni ileile?

Inaongeza huo umbali. Kichwa chenye kilo kama 5 kikianguka kutoka kimo cha mita 1.8 kinafika chini na jouli 88 hivi. Kikisimama ndani ya milimita 3, kani ya wastani ni karibu niutoni (kipimo cha kani) 30,000. Povu la helmeti likibonyea sentimita 3, kani inashuka hadi 3,000. Ndiyo maana helmeti iliyokwishapata kishindo kikubwa inatupwa hata kama nje inang'aa, maana povu lililobonyea halirudi. Na ndiyo maana kuivaa bila kufunga mkanda wa kidevu ni sawa na kuibeba mkononi.

14. Nikikimbia si nitafika mapema?

Utafika, lakini kidogo kuliko unavyodhani. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kama kilomita 3. Kwa 60 unalimaliza kwa dakika 3, kwa 80 kwa dakika 2 na sekunde 15. Umeokoa sekunde 45, na umebeba nishati zaidi kwa asilimia 78. Hizi ni hesabu tu. Mwendo wa pale fuata kibao.

## Ziwani na angani

15. Kipi kina nishati zaidi, kivuko kizito kinachotambaa au basi linalokimbia?

Tuseme kivuko na mzigo wake ni tani 250, kinaikaribia gati kwa mita 2 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Nishati: ½ × 250,000 × 4 = jouli 500,000. Basi la tani 15 kwa kilomita 80 kwa saa: karibu jouli 3,700,000. Basi linashinda zaidi ya mara saba, ingawa kivuko kinalizidi uzito karibu mara 17.

Wanafunzi hubisha: "Mbona kivuko ndicho kigumu kusimamisha?" Inategemea kigumu kwa maana gani. Vizuie vyote kwa kani ya niutoni 50,000. Kivuko kinasimama baada ya sekunde 10, kikiwa kimepita mita 10. Basi linasimama baada ya sekunde 6.7, lakini limepita mita 74. Muda wa kusimama unategemea momenta, yaani tungamo mara kasi, na hapo kivuko ndicho kikubwa. Umbali wa kusimama unategemea nishati, na hapo basi ndilo kubwa. Leibniz na wapinzani wake (swali la 7) kwa sehemu walikuwa wanapima vitu viwili tofauti.

Jouli nusu milioni si za kuchezea hata hivyo. Usiweke mguu kati ya kivuko na gati ukidhani kimesimama.

16. Nikiongeza spidi ya boti mara mbili, mafuta yanaenda mara nne?

Ukipimia kwa kila kilomita, karibu na hapo au zaidi, lakini si kwa sababu ya nishati mwendo. Nishati mwendo unailipia mara moja, wakati wa kuongeza kasi. Ukishafika kasi unayotaka, mashine inapambana na ukinzani wa maji, ambao kwa kukadiria unakua kwa mraba wa kasi. Nguvu inayotakiwa kwenye mashine inakua kwa mchemraba, kwa kuwa unashinda ukinzani mara nne huku ukipita mita mara mbili kila sekunde. Mtumbwi mzito unaolala ndani ya maji ukisukumwa sana unaanza kupanda wimbi lake wenyewe, na gharama inapaa kuliko hapo. Kwa wenye mitumbwi ya dagaa, kupunguza mwendo kidogo wakati wa kurudi ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kubakiza petroli.

17. Upepo mara mbili unaezua mabati mara mbili?

Msukumo wake juu ya paa ni mara nne. Nguvu ambayo upepo unaweza kuipa pangaboi la kuzalisha umeme ni mara nane: kila kilo ya hewa ina nishati mara nne, na kilo zinazopita kwa sekunde zimeongezeka mara mbili.

18. Ndege mmoja wa porini anawezaje kuharibu eropleni?

Uwanja wa Mwanza uko karibu na ziwa, na ndege wakubwa wapo tele. Chukua yule korongo mwenye mfuko shingoni anayeshinda majalalani, kilo 6. Eropleni inapoondoka kwa mita 70 kwa sekunde, kwake korongo huyo ni kitu kinachokuja na jouli ½ × 6 × 4,900 = 14,700. Ni zaidi ya bodaboda na abiria wake kwa kilomita 36 kwa saa (swali la 2), zote kwenye eneo dogo. Korongo mwenyewe huenda alikuwa anaelea tu.

## Maswali ya pembeni

19. Nikiwa nimekaa ndani ya basi, nina nishati mwendo au sina?

Kwa jirani yako wa kiti, huna. Kwa mtu aliyesimama kando ya barabara pale Igoma, unayo nyingi. Wote wako sahihi, kwa sababu kasi hupimwa kila mara kwa kulinganisha na kitu fulani. Chagua mtazamaji mmoja na ubaki naye hadi mwisho wa hesabu. Kuchanganya wawili ndiko kunakoleta majibu ya ajabu kwenye swali la 11. Kiasi cha mabati yaliyokunjwa hakibadiliki kwa mtazamaji yeyote.

20. Gari likirudi nyuma, nishati inakuwa hasi?

Haiwi. Kasi hasi ikizidishwa kwa yenyewe inatoa chanya.

21. Jiwe linaloviringika mlimani lina nishati sawa na linaloteleza?

Yakianzia kimo kimoja na msuguano usipokula chochote, jumla ni sawa, ila mgawanyo ni tofauti. Linaloteleza linaweka yote kwenye kwenda mbele. Linaloviringika linaweka sehemu kwenye kuzunguka. Kwa mpira mgumu ni sehemu 2 kati ya 7, hivyo unafika chini na kasi ya asilimia 85 hivi ya kile kinachoteleza. Pete inaweka nusu nzima kwenye kuzunguka. Shindanisha gololi na pete kwenye ubao ulioinama: pete inashindwa kila mara, iwe nzito au nyepesi. Mawe ya vilima vya Mwanza hayana umbo la gololi, yanadunda na kuvunjika njiani, kwa hiyo usiyapigie hesabu hii ukiwa umesimama chini yake.

22. Kuna kasi ambayo fomula hii inakataa?

Ipo, karibu na kasi ya mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 inaonyesha kuwa huko nishati inapanda haraka kuliko mraba, na kitu chenye tungamo hakiifikii kasi hiyo hata kikipewa nishati kiasi gani. Kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga, fomula ya kawaida inakosea kwa chini ya asilimia 1. Mtihani ukitaja elektroni, soma swali mara mbili kabla ya kuchagua fomula. Ukitaja gari, boti au jiwe, tumia ½mv² bila wasiwasi.